Kisa Husimuliwa na Wawili: Namna ya Kusimulia Mambo ya Kila Siku

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, msimulizi wa ngano haanzi mpaka aitikiwe. Huita "Paukwa!" akangoja waliomzunguka wajibu "Pakawa!", na jibu likija legelege huita tena, kwa kuwa anajua kwamba kundi lisiloitikia mwito halitaiitikia hadithi yenyewe. Sehemu nyingi za bara mwito ni "Hadithi! Hadithi!" na jibu lake ni "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Tumeyazoea maneno haya hata tunayaona kuwa pambo la kufungulia ngano za watoto, ilhali yamebeba kanuni inayotawala usimulizi wote: hadithi ni kazi ya watu wawili, anayesema na anayeitikia, na mmoja wao akisinzia hadithi imekwisha.

Kanuni hiyo haikomei kwenye ngano za sungura na fisi. Inafanya kazi vilevile katika visa vidogo tunavyosimuliana barazani, mezani, ndani ya daladala, msibani na kwenye simu. Visa vingi vinavyochosha havichoshi kwa sababu tukio lilikuwa dogo. Watu wamewahi kucheka mpaka wakatokwa na machozi kwa kisa cha ufunguo uliopotea. Vinachosha kwa sababu msimulizi ameifanya kazi yote peke yake, hakumwachia msikilizaji kitu cha kungojea, cha kukisia wala cha kuitikia. Kwa hiyo maelekezo yote yanayofuata yanatokana na swali moja ambalo msimulizi anapaswa kujiuliza kila hatua: msikilizaji wangu ana kazi gani sasa hivi?

Omba nafasi kabla ya kuanza

Hakuna mtu anayeita "Paukwa!" mbele ya wafanyakazi wenzake wakati wa chakula cha mchana, lakini mazungumzo ya kila siku yana miito yake. "Umesikia yaliyomkuta mjomba?" ni mwito. "Hebu nikupe kisa" ni mwito. Baada ya kuutoa, nyamaza. Ukijibiwa "Enhe!" au "Lete!" umepewa nafasi; ukijibiwa "Mm" na mtu ambaye macho yake yako kwenye simu, kiweke kisa chako mpaka wakati mwingine, kwa maana hakitaoza. Wengi hukosea hapa, kwa sababu wanayo hamu ya kusema, na hamu huwafanya waanze kusimulia kwa mtu ambaye bado hajaketi.

Kuna mwito mmoja unaofaa kuepukwa, nao ni ule wa kuahidi matokeo: "Nina kisa kitakachokuvunja mbavu." Ukishasema hivyo umemwondolea msikilizaji kazi ya kuamua mwenyewe kama kisa kinachekesha, tena umemgeuza kuwa mkaguzi anayekaa kupima kama ahadi imetimia. Afadhali kuingia kwa upole na kumwacha ashtukizwe.

Mahali pa kusimulia pana uzito kuliko tunavyodhani. Mabaraza ya mawe yaliyojengwa mbele ya nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar yametazamana kwenye vichochoro vyembamba, na kwa hiyo kila aliyekaa anaona uso wa mwenzake; si ajabu kwamba maeneo kama Jaws Corner ya huko Mji Mkongwe, mahali ambapo watu hunywa kahawa na kuzungumza siasa na michezo mpaka usiku, yamekuwa shule za wasimulizi bila mtu kuyapa jina hilo. Usisimulie kisa kirefu ukiwa umempa mtu mgongo, wala ukiwa umeketi mahali usipoweza kuyaona macho yake, kwani macho ndiyo yatakayokuambia kama uongeze au upunguze. Kwa upande mwingine, mikono yenye kazi si kikwazo. Watu wanaochambua mchele, wanaosuka ukili au wanaopukuchua mahindi ni wasikilizaji wazuri kuliko watu waliokaa bure, kwa sababu kazi ya mikono hutuliza mwili na kuyaacha masikio huru.

Palipo na wazee, salamu hutangulia kisa, na kisa cha kijana hungoja mpaka mzee amalize cha kwake. Kama kisa kinamhusu mzee aliyepo, mpe haki ya kukisahihisha tangu mwanzo: "Mjomba yupo hapa, atanikosoa." Maneno hayo ni adabu, lakini pia yanakusaidia, maana sasa mjomba naye ni mwitikiaji, na kila atakapotingisha kichwa kukubali au kupinga, kisa chako kitapata nguvu ambayo wewe mwenyewe usingeweza kuitia.

Amua nani ajue nini, na lini

Hiki ndicho kiini cha ufundi wote, kwa hiyo tutakaa hapa kwa muda. Tuchukue mfano wa kubuni. Mjomba amekwenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, akanunua changu wawili, akapanda daladala ya Mbagala, akashuka Mtoni na kikapu kisicho chake, na alipofika nyumbani akakuta ndani yake mna sare za shule. Huo ndio mkasa mzima. Mtu akiusimulia kama nilivyousimulia hapa, utakwisha kabla chai haijapoa, msikilizaji atasema "Pole yake," na mazungumzo yatarudi kwenye bei ya unga.

Kasoro ya usimulizi huo haiko katika ufupi. Kasoro ni kwamba maneno "kikapu kisicho chake" yametajwa bila mpango: yamekuja mapema mno kumshangaza msikilizaji, tena hayakufuatwa na kitu chochote cha kumfurahisha kwa kuwa amejua. Msimulizi ana njia mbili, na ni lazima achague.

Njia ya kwanza ni kumweka msikilizaji ndani ya macho ya aliyepatwa, asijue kitu ambacho mwenyewe hakukijua wakati ule. Anapanda gari pamoja na mjomba, anashuka naye, anapiga hodi naye, na kikapu kinapofunguliwa wanashangaa wote wawili. Hapo ndipo neno "kumbe" linapopata mahali pake, na halifai kutumika mara mbili katika kisa kimoja. Njia hii inafaa kwa visa vya kushtua, vya hofu, na vile ambavyo mwisho wake hauwezi kukisiwa.

Njia ya pili ni kinyume chake: msikilizaji anajua, mhusika hajui. Mwambie mapema kwamba mle ndani ya daladala mlikuwa na vikapu viwili vilivyofanana, kisha mwache mjomba aendelee kujigamba. Kila neno la mjomba sasa linachekesha, kwa sababu msikilizaji ameshika siri ambayo mwenye samaki hana. Kwa visa vya kuchekesha mimi huipenda zaidi njia hii, ingawa wasimulizi wengi hukimbilia ile ya kwanza kwa kudhani kwamba mshangao ndio utamu pekee uliopo.

Msimulizi mzuri wa njia ya pili hasemi waziwazi. Atasema hivi: "Mjomba alipanda gari, akakiweka kikapu chake pale mbele karibu na injini, ubavuni mwa kikapu kingine cha ukili, rangi ileile, mikono ileile. Akarudi nyuma akakaa." Kisha atanyamaza kidogo. Hajasema kwamba vikapu vitabadilishana. Msikilizaji mwepesi ameshaanza kutabasamu, na aliye mzito atafika baadaye, lakini wote wawili watakuwa wamefika kwa miguu yao wenyewe.

Wasimulizi wa kale wa pwani walizijua njia zote mbili, na ushahidi mzuri uko katika kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa upande wa Pate na mto Tana, ambacho kilisimuliwa kwa mdomo muda mrefu kabla ya Muhammad Kijumwa wa Lamu kukitungia utendi mwaka 1913. Liyongo amefungwa gerezani na anangojea kuuawa. Mama yake huoka mikate mizuri pamoja na mmoja wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na ndani ya huo wa wishwa anaficha tupa, kile chombo cha kukerezea chuma. Kijakazi anaipeleka, walinzi wanaila ile mizuri, na ule mbovu wanamtupia mfungwa. Angalia jinsi kazi ilivyogawanywa: sisi tunajua kilichomo ndani ya mkate, walinzi hawajui, na ulafi wao wenyewe ndio unaoifikisha tupa mkononi mwa Liyongo. Kisha anaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kufa, watu wanakusanyika, matoazi yanalia, na sisi tunaosikiliza tunausikia mkwaruzo wa tupa kwenye pingu chini ya kelele zile, hali wachezaji hawausikii. Kama msimulizi angeificha habari ya tupa mpaka mwisho, tungepata mshangao wa mara moja. Kwa kuitaja mapema ametupa wasiwasi unaodumu usiku mzima wa ngoma.

Mwisho wa kisa hicho umegeuzwa kwa ustadi uleule. Mwana wa Liyongo, aliyehongwa kwa ahadi ya cheo na mke, anamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti akiwa ameuelekeza mshale, na anakufa katika hali hiyo. Watu wa mji wanamwona na kudhani kwamba yu hai, kwa hiyo hakuna anayethubutu kusogea, na maji hayatekwi. Msimulizi hahitaji kutueleza kwamba Liyongo alikuwa mtu wa kuogopwa, kwa kuwa mji mzima unashinda na kiu mbele ya maiti.

Weka vitu mahali pa sifa

Hapo tumeshaingia katika jambo la pili, ambalo ni fupi kulieleza na gumu kulitenda. Sifa kama "mkarimu", "mkali", "bahili" au "mwenye nguvu" ni hukumu iliyokwisha kutolewa, na msikilizaji akipewa hukumu hana la kufanya ila kuikubali. Kitu au kitendo humwachia yeye kazi ya kuhukumu. Wanaosimulia habari za Liyongo hufungua mkoba wake wa safari mbele ya Wagala, jina la zamani la Waoromo, na mkobani hutoka kinu, mchi, jiwe la kusagia na mafiga ya kupikia. Aliyewahi kuinua kinu cha mti kwa mikono yake mwenyewe hana haja ya kuambiwa zaidi.

Katika kisa chetu cha samaki, usiseme kwamba mjomba anapenda kujisifu. Mpe sentensi moja, kisha airudie. Alipopanda alimwambia konda: "Kijana, niangalizie kikapu hicho, leo tunakula samaki, hatuli maneno." Alipokaa alimwambia jirani yake wa kiti: "Leo tunakula samaki, hatuli maneno." Alipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, akamwambia mkewe, ambaye nazi ameshakuna na mkaa umeshashika: "Mama, leo tunakula samaki, hatuli maneno." Kurudia huku kumetoka moja kwa moja kwenye ngano, ambamo wimbo hurudi kila mhusika anapovuka mto au kukutana na zimwi, na wasikilizaji huudaka na kuuimba pamoja na msimulizi. Kufikia mara ya tatu, walioketi nawe watakuwa wanaitamka sentensi ya mjomba kabla yako. Waache waitamke. Hiyo ndiyo "Pakawa" ya kisa hiki.

Kisha mkewe anafungua kikapu, anatoa kisketi cha rangi ya buluu, anakiinua juu akikitazama, na anasema taratibu: "Kweli, mume wangu. Leo tutakula maneno."

Acha hapo. Usieleze kwamba vikapu vilibadilishana, usiseme kwamba mjomba aliona haya, na usiongeze funzo la kukagua mizigo. Msikilizaji akiuliza "Na samaki je?", na bila shaka atauliza, hapo una akiba: huko Mbagala yuko mtoto ambaye siku iliyofuata alikwenda shule bila sare, lakini alikwenda ameshiba. Akiba hiyo hutolewa kwa mwenye kuuliza tu. Isiyoulizwa hubaki mfukoni, na hakuna hasara.

Kuhusu lugha yenyewe

Kiswahili kimempa msimulizi vyombo ambavyo mara nyingi tunavitumia bila kufikiri, na inafaa kuvijua ili tuvitumie kwa makusudi. Kiambishi -ka- ni chombo cha mbio: "akashuka, akavuka barabara, akaingia kichochoroni, akapiga hodi" ni safari nzima kwa pumzi moja. Kwa hiyo kitumie mahali ambapo hakuna jambo, ufike upesi. Unapofika mahali penye jambo, punguza mwendo kwa kuvunja sentensi: "Akafungua. Akatazama. Akafunika tena." Viambishi ni vilevile, lakini vituo vimegeuza mbio kuwa hatua, na msikilizaji anapata nafasi ya kujiuliza ameona nini. Ukitaka kuonyesha kwamba jambo lilichukua muda, rudia kitenzi, "akangoja, akangoja, akangoja", na usitaje saa. Mtu anayesimama katikati ya kisa kukumbuka kama ilikuwa saa nne na robo au saa nne na nusu amewatoa watu wote ndani ya daladala na kuwaweka mbele ya saa ya ukutani.

Tanakali za sauti nazo ni mali yetu: mtu huanguka pu, jiwe huingia majini chubwi, giza huwa totoro, na watu hunyamaza kimya jii. Moja kwa kisa inatosha, labda mbili. Zikizidi, kisa huwa kelele.

Mazungumzo ya wahusika yatolewe kwa maneno ambayo wao wangeyasema, pamoja na namna wanavyoitana. Konda humwita mjomba "mzee", mkewe humwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza au "mume wangu", na shemeji yake ana jina jingine tena la kumwita. Miito hiyo peke yake inamtosha msikilizaji kujua nani anasema, kwa hiyo huna haja ya kuigiza sauti ya kila mtu. Kuigiza sauti za watu, hasa lafudhi za makabila mengine, huchekesha mara ya kwanza na huudhi mara ya pili, na walioudhika kwa kawaida hawasemi.

Chumvi na ruhusa yake

Rudi kwenye lile jibu la bara: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Wasikilizaji wa ngano wameukaribisha uongo kwa vinywa vyao, na kwa hiyo msimulizi akisema kwamba fisi alivaa kanzu, hakuna aliyedanganywa. Kisa cha jirani hakina ruhusa hiyo. Unaposema "jana nilimwona", msikilizaji anaamini kwamba ulimwona, na kesho atamsimulia mwingine kwa kiapo chako.

Ni ukweli pia kwamba kisa kisicho na chumvi kabisa hakiliki. Mpaka ninaoushauri ni huu: una haki ya kuondoa yasiyo na maana, kuunganisha safari mbili ziwe moja, na kuyarudisha maneno ya watu kwa maana yake hata kama hukumbuki kila neno. Una haki pia ya kutia chumvi kadiri upendavyo katika upumbavu wako mwenyewe. Huna haki ya kumwongezea mtu mwingine kitendo ambacho hakukitenda, hata kama kingekifanya kisa kiwe kitamu mara kumi, na zaidi kama kitendo hicho ni cha aibu. Yale uliyoyasikia tu yatie alama ya "eti" au "wanasema", ili msikilizaji ajue uzito wake.

Kati ya kisa na umbea pana ukuta mwembamba. Kabla ya kusimulia habari ya mtu asiyekuwepo, jiulize kama ungeisimulia vilevile akiwa ameketi mbele yako, na kama jibu ni hapana, basi ama ibadilishe ama iache. Kumwita "fulani" hakutoshi katika mtaa ambao kila mtu anamjua mwenye pikipiki nyekundu; badilisha pikipiki, badilisha kazi, na badilisha hata mtaa, maana kisa kizuri hakitegemei utambulisho wa mtu.

Msibani

Usiku wa matanga, chini ya turubai na juu ya mikeka, watu husimuliana habari za marehemu, na mara nyingi kinachosikika ni mlolongo wa sifa: alikuwa mcheshi, alikuwa mcha Mungu, alipenda watu. Sifa hizo zingemfaa karibu kila marehemu. Ukipewa nafasi ya kusema, chagua siku moja na kitendo kimoja. Mwambie mtoto wake kwamba baba yake alikuwa akiziba matundu ya mpira wa watoto wa mtaa kwa gundi ya viatu na kuukagua kwa kuuzamisha ndani ya ndoo, na umempa kitu ambacho pengine hakuwa nacho. Usikifanye kirefu, na usijiweke wewe katikati yake, kosa ambalo ni rahisi sana kutendeka pale msimulizi anaposema jinsi marehemu alivyomsaidia yeye, alivyomshauri yeye, alivyompenda yeye. Kucheka kunaruhusiwa, lakini waache watani watangulie kama wapo, kwa kuwa wao wana haki ya kimila ya kufanya mzaha penye kilio, na baada yao utajua kicheko cha wafiwa kinafika wapi.

Kwenye simu

Ujumbe wa sauti ni mtihani mgumu kwa msimulizi, kwa maana umemnyang'anya mwitikiaji wake. Unasema peke yako ndani ya chumba, na mwenzako atausikiliza baadaye akiwa njiani, pengine kwa mwendo wa haraka ambao simu zinauruhusu. Suluhisho ni kurudisha mwito na jibu kwa nguvu: tuma sehemu ya kwanza, iishie mahali ambapo kikapu kinataka kufunguliwa, kisha ngoja. Akijibu "Ikawaje?", tuma iliyobaki. Asipojibu, umemwepusha na dakika nane ambazo hakuziomba.

Kuwa mwitikiaji

Mtu anayetaka kujifunza kusimulia aanze kwa kujifunza kuitikia, kwani huko ndiko atakakojua mahali ambapo msikilizaji huchoka na mahali ambapo huamka. Kuitikia si kunyamaza. Ni kusema "Enhe", "Wacha wee", "Kisha?" mahali panapofaa, na kuuliza swali moja linalompeleka msimulizi mbele. Adui mkubwa wa kazi hii ni mtu anayesikia habari ya kikapu kilichopotea na kusema mara moja, "Hiyo si kitu, mimi nilipoteza begi zima." Kisa cha mwenzake kimeuawa, na hicho chake nacho kimeanza bila nafasi kuombwa.

Wazee hurudia visa. Babu atakusimulia habari ya lori lililokwama mtoni mara nyingi kuliko unavyotaka, na jibu la "Ulishatuambia, babu" ni la kweli lakini halina faida kwa yeyote. Muulize jambo ambalo hujawahi kumuuliza: lori lilikuwa limebeba nini, dereva aliitwa nani, walikula nini usiku ule. Mara nyingi utagundua kwamba kisa ulichodhani unakijua ulikuwa unakijua nusu, na kwamba babu alikuwa akikirudia kwa sababu hakuna aliyewahi kuiuliza nusu ya pili.

Kwa watoto, badilishaneni zamu. Mtoto mdogo husimulia kwa "halafu, halafu, halafu", hutangulia mwisho akarudi mwanzo, na mzazi mwenye haraka hutaka kumnyoosha. Usimsahihishe mpangilio. Muulize swali moja kwa wakati mmoja: ulikuwa na nani, mwalimu akasema nini, wewe ukafanyaje. Na ikitokea kwamba katikati ya habari za darasani ameingia simba, usimwambie kwamba shuleni hakuna simba. Muulize simba alikaa dawati la nani, naye ataendelea.